Harrier Ipi, Mwanangu?

Kama unanisikiliza ukiwa ndani ya gari na sauti inakufikia bila mikwaruzo, mshukuru fundi wako wa redio. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani huja na redio inayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, na yaliyo mapya kidogo 95. Sisi huku tunaanzia 88 kwenda hadi 108. Kwa hiyo mtu anatoa mamilioni yake, anaegemea kiti cha ngozi, anafungulia spika za JBL, halafu stesheni nyingi za mji hazipati, na mimi nikiwamo.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu saa nne usiku.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Kuna nini usiku huu?"

"Nimepata Harrier."

"Harrier ipi?"

"Anaconda, shangazi. Nyeupe. Fulu opsheni."

Kwa mnaotusikiliza kutoka nje ya Tanzania, Harrier huku kwetu zimepewa majina ya mtaani. Ile ya kizazi cha pili, iliyoanza kutoka mwaka 2003, inaitwa tako la nyani, kwa sababu ya umbo la nyuma. Mtaniwia radhi mlio mezani. Ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwishoni mwa 2013, ndiyo Anaconda. Basi nikamuuliza tena: Harrier ipi, mwanangu? Akanyamaza. Alidhani simu inakatika.

Ndani ya bodi moja ya Anaconda mna magari matatu tofauti, na anayetazama rangi na taa hatayaona. Yanaonekana kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa chini ya boneti, chenye herufi na namba za modeli. Kikisoma ZSU60, hiyo ni injini ya 3ZR, sentimita za ujazo 1,986, inayovuta kwa magurudumu ya mbele tu. ZSU65 ni injini hiyo hiyo, ila magurudumu ya nyuma nayo huingia kazini ya mbele yakianza kuteleza. AVU65 ni haibridi, injini ya lita mbili na nusu ikisaidiwa na mota za umeme. ASU60 na ASU65 ni zile za turbo, zilizoongezwa mwaka 2017. Ile ya 3ZR ina nguvu za farasi 151. Haibridi, ukijumlisha injini na umeme, 197. Turbo 231. Ukiziegesha zote tatu nje ya ukumbi wa harusi, hakuna mgeni atakayejua ipi ni ipi.

Kijana wangu anaishi Kimara, ana mke, watoto watatu, na mama mkwe ambaye hasafiri bila magunia. Kila Desemba wanakwenda Makete. Hapo ndipo swali la injini linapokuwa swali la kweli, kwa sababu Kimara hadi Posta gari lolote litakufikisha; foleni haiulizi farasi wangapi. Lakini ukishavuka Mikumi na kuuona mlima Kitonga mbele yako, na malori yamejipanga kama siafu, na watu sita na magunia wamo ndani, lita mbili bila turbo zinaanza kulia. Haikatai kupanda. Inalia tu, mshale unapanda kwenye elfu nne, elfu tano, na mwendo ni ule ule.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine hata wao hawalifikirii. Injini isiyo na turbo huishi kwa kuvuta hewa yenyewe, na hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda. Kwa makadirio ya mafundi, kila mita 1,000 za mwinuko inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Njombe, njiani kwenda Makete, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600. Zile farasi 151 ulizozilipia Dar es Salaam, ukifika Njombe zimebaki kama 120. Turbo haiumii namna hiyo, kwa kuwa inasukuma hewa kwa nguvu badala ya kungoja iingie. Haibridi nayo ina umeme, na umeme haujui mwinuko, ingawa injini yake inachoka kama nyingine.

Je, turbo ndiyo jibu? Kwa kijana wangu, hapana. Turbo ya Harrier imetengenezewa petroli ya daraja la juu kule Japani, inataka oili safi na kwa wakati, na spea zake hazijajaa kwenye maduka ya Gerezani kama za 3ZR. Ukiharibikiwa Makambako usiku ndipo utakapojua thamani ya injini ambayo kila fundi ameshaifungua mara kumi.

Tusogee kwenye hilo neno fulu opsheni, ambalo nadhani limewalia Watanzania pesa nyingi kuliko mafuta. Harrier hiyo ilitoka na madaraja: Grand, Elegance, Premium, na juu kabisa Premium yenye nyongeza ya Advanced Package. Daraja la chini lina kiti cha kitambaa na vitu vichache. La juu lina spika za JBL, kamera za kuzunguka gari zima, na skrini ya ramani inayozungumza Kijapani na kuujua mji wa Osaka chochoro kwa chochoro. Ukiwa Tegeta inakuonyesha uko baharini.

Lakini daraja linakupa pia matairi, na hapa nataka mchukue kalamu. Elegance inakuja na rimu ya inchi 17, tairi 225/65. Premium inakuja na rimu ya inchi 18, tairi 235/55. Ile namba ya pili ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi ukilinganisha na upana wake. Piga hesabu. Asilimia 65 ya 225 ni milimita 146. Asilimia 55 ya 235 ni milimita 129. Yaani gari la bei kubwa limepungukiwa karibu sentimita mbili za mpira kati ya rimu na shimo. Kwenye lami ya Tokyo linapendeza. Kwenye barabara ya vumbi ya kwenda kwa wakwe, rimu inapinda, na tairi la inchi 18 ni ghali kuliko la 17. Mimi ningelipa kidogo, nichukue Elegance, na pesa iliyobaki ninunue shokapu nne mpya. Najua hamtanisikiliza, maana shokapu hazionekani kwenye picha ya WhatsApp.

Labda umejiuliza kwa nini injini ya Harrier ni 1,986 na si 2,000 kamili. Ya X-Trail ni 1,997. Ya Subaru Forester ya 2012 na kuendelea ni 1,995. Kule Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kwa ngazi za sentimita za ujazo 500: kwa magari yaliyosajiliwa kabla ya Oktoba 2019, injini ya hadi 2,000 hulipa yeni 39,500, na ikivuka hapo tu, yeni 45,000. Wahandisi wakaikata injini ikasimama ukingoni mwa mstari. Sisi tunaletewa gari likiwa mtumba, na kwa bahati mstari wa mamlaka yetu ya mapato, TRA, uko pale pale: ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi 1,000 lakini haizidi 2,000, na asilimia 10 ikizidi.

Kwa hiyo watu wanakimbilia lita mbili, wanasema kodi nafuu. Ngoja tuhesabu kwa viwango hivyo vilivyozoeleka, nikiacha tozo ndogo ndogo, na wewe kabla hujatuma pesa ufungue kikokotoo cha TRA, kwa sababu wao wana bei yao kwa kila gari na hawalazimiki kuifuata risiti yako. Chukua gari lenye thamani ya 100 likifika bandarini. Ushuru wa forodha 25, jumla 125. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 ya hizo, 6 na robo. Weka VAT ya asilimia 18 juu ya vyote: unatoka na 155. Sasa gari hilo hilo liwe limevuka miaka 10. Linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na jumla inaruka hadi 199. Libadilishe injini, liwe la zaidi ya lita mbili, na uchakavu juu: 206 na nusu. Umeona? Ule mstari wa injini ambao watu wote wanauogopa umekuongezea kama 7. Umri umekuongezea 44. Kati ya miaka 8 na 10 ushuru huo ni asilimia 15, kwa hiyo mwaka mmoja tu wa umri unaweza kuwa na uzito kuliko injini nzima.

Jirani zetu wa Kenya wameshaamuliwa jambo hilo. Kwao gari lililozidi miaka 8 haliingii, basi. Ndiyo maana Toyota Vanguard, ambayo huku bado inaagizwa na kugombaniwa, yadi za Mombasa zimekwisha kuagana nayo: ilikoma kutengenezwa mwaka 2013.

Kijana alipoona bei ya Anaconda, akarudi na orodha. X-Trail, Forester, Mazda CX-5, Vanguard. Tukakaa barazani kwangu na kahawa.

X-Trail ya T31, iliyoanza 2007, naipenda kwa umbo. Iko kama sanduku, shehena inaingia, na ina kitufe cha kuzungusha cha kuchagua magurudumu mawili, otomatiki au yote manne. Bei yake inashawishi. Tatizo ni gia. Nyingi zina CVT, ambayo haina meno ya kupokezana kama gia tuliyoizoea. Ni mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda huo unaishi kwa oili yake maalumu, NS-2 kwa T31 na NS-3 kwa T32 iliyoifuata. Ukiletewa fundi anayesema oili ya gia ni oili ya gia, mama, zote nyekundu, funga boneti uondoke. Na si mafundi wetu peke yao wa kulaumiwa. Huko Marekani Nissan yenyewe ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010, ikiwamo Rogue, ambayo ni ndugu wa damu wa T31.

Hapa kijana akanikatiza. "Shangazi, si hata Harrier ina CVT? Na haibridi vile vile?" Swali zuri. Harrier ya lita mbili ndiyo, ina mkanda. Haibridi inaitwa hivyo kwenye vitabu, lakini ndani yake hamna mkanda kabisa. Kuna meno ya kuzungukana, na mota mbili za umeme zinazoamua mwendo. Kwa uimara ni gia mojawapo ya zile zisizosumbua sana duniani, ndiyo maana Prius zimegeuzwa teksi kila mahali. Kinachosumbua haibridi huku ni betri kubwa, na mara nyingi betri inauawa na vumbi. Karibu na kiti cha nyuma kuna tundu la kuvuta hewa ya kuipoza. Watu wanaweka mabegi mbele ya tundu hilo, watoto wanamwaga ubuyu, kichujio kinaziba, betri inapika. Ukienda kuangalia haibridi, piga magoti uangalie tundu hilo kabla ya kuangalia kitu kingine.

Forester nitaipitia haraka kwa sababu wenye Subaru hawashauriki. Injini yake imelala, pistoni zinapigana ngumi kulia na kushoto, uzito uko chini, gari halilewi kwenye kona. Magurudumu manne yanavuta muda wote, na tumbo liko milimita 220 kutoka ardhini. Kwa Makete wakati wa mvua sina gari la bei hiyo linaloishinda. Chagua ya injini ya FB20, yenye cheni ya taiming. Injini za zamani za EJ zina mkanda, na mkanda ukikatika umekwisha. Ile ya turbo, XT, yenye farasi 280, mwachie kijana asiye na mke.

CX-5 ndiyo iliyotuchukua kikombe cha pili. Mazda waliamua kutotumia CVT. Wameweka gia otomatiki ya kawaida, yenye hatua sita, na ukiendesha unaisikia ikibadilika kama zamani. Zipo za petroli, lita mbili na baadaye mbili na nusu, na ipo ya dizeli ya lita 2.2, ile inayoitwa XD. Kwa nguvu ya kuvuta hiyo dizeli ni bingwa: nyutoni-mita 420, wakati Harrier ya lita mbili ina 193. Kitonga itaipanda ikipiga miayo. Kijana macho yakamng'aa.

Nikamwambia, ngoja. Dizeli hiyo ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Masizi yakijaa, gari linayachoma lenyewe humo ndani, linahitaji safari ndefu ya mwendo wa kutosha ili kazi hiyo ikamilike. Wewe mwaka mzima uko kwenye foleni ya Kimara, kilomita tano kwa saa nzima, unazima, unawasha. Kichujio hakimalizi kujisafisha hata siku moja. Masizi yanarudi hadi kwenye njia za hewa za injini, na bili ya kusafisha itakukumbusha shangazi yako. Anayekaa Mafinga na kwenda Mbeya kila wiki, namshauri aichukue XD akiwa amefumba macho. Mtu wa foleni achukue ya petroli, lita mbili na nusu, na kodi ya asilimia 10 ailipe bila kununa.

Lakini roho ya kijana ilikwisha kuhamia Vanguard, kwa sababu ya viti saba. Mama mkwe, magunia, mnaelewa. Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, ikauzwa Japani kuanzia 2007. Ina madaraja ya 240S, na 350S ya V6, lita tatu na nusu, ambayo sitaizungumzia kwa sababu nataka watoto wa kaka yangu wale, washibe. Ya 240S ina injini ya 2AZ, sentimita za ujazo 2,362, farasi 170. Fundi gani nchini hajaifungua? Spea zipo kila mahali, mpya na za mtumba. Ina nguvu ya kutosha, inabeba, na ukitaka kuiuza kesho inauzika.

Ina ugonjwa mmoja unaojulikana. Pete za pistoni zinazokwangua oili kwenye kuta za silinda zina vitundu vidogo vya kurudishia oili chini. Kwa injini za miaka ile, hasa 2006 hadi 2009, vitundu hivyo huziba, oili inabaki juu na kuungua pamoja na petroli. Gari halizimi, halitoi taa yoyote, linakunywa oili tu kimya kimya hadi siku kijiti kinatoka kikavu. Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana kwa ajili ya tatizo hilo, na RAV4 za 2006 hadi 2008 zilikuwa kwenye orodha. Huku hakuna wa kutuongezea kitu. Kinga yetu ni kuliona kabla ya kulipa.

Na unaliona namna gani? Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Oili iliyovuja usiku kucha ikaingia kwenye silinda hutoka kwa moshi wa bluu sekunde za kwanza, halafu injini ikipata moto inatulia na huoni tena. Cheni iliyolegea nayo hugongagonga wakati huo huo, oili ikiwa haijapanda, kisha inanyamaza. Dakika ishirini baadaye gari lile lile linanguruma kama paka aliyeshiba. Kwa hiyo kijana alipopata moja inayouzwa, nilimpigia mwenye gari mwenyewe, Ijumaa jioni. Vanguard yenye usajili wa namba D, iko Tabata. Nikamwambia, kaka, tutakuja saa moja asubuhi, tafadhali usiiwashe kabla hatujafika. Akasema hakuna shida, mama, karibuni sana.

Tulifika saa moja kasoro dakika kumi. Gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa, limeegeshwa likiangalia geti, na chini ya ekzosi palikuwa na doa la maji. Kijana akaenda moja kwa moja ndani, akakaa kiti cha nyuma kabisa, kile cha saba, akawa anapima magoti. Mimi nikaweka kiganja juu ya boneti.

Ilikuwa ya moto.

"Nimeipasha kidogo tu, mama," mwenye gari akasema, "isije ikawasumbua."

Nikamshukuru, nikampa pole ya kuamka mapema. Kijana akatoka kwenye kiti cha saba polepole, akafunga mlango kwa adabu kama mtu anayefunga mlango wa msibani, tukatembea hadi kituoni kungoja daladala.